Kitufe kikiganda kwenye maji baridi

SWALI: Mimi ni mtu wa Maneromango, Kisarawe. Kupiga mbizi nilijifunzia Mafia, na sasa nasoma Norway. Wenzangu wananisisitiza nijizoeze kuchomoa mpira unaojaza hewa kwenye jaketi la kuelea, tena nikiwa na glavu nene. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu Mafia kitufe cha kujazia hakigandi. Msogelee fundi baiskeli pale kijijini akitoa upepo kwenye tairi: upepo ule ni wa baridi, maana hewa ikitanuka hupoa, na ndivyo inavyokuwa ikipita kwenye vali kuingia kwenye jaketi. Bahari yetu, yenye nyuzijoto 25 na zaidi, huificha baridi hiyo. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10, unyevu ndani ya vali huweza kuganda, kitufe kikanasa wazi, jaketi likajaa na kukurusha juu. Mapafu ndiyo hulipa.

Hilo likitokea, mkono mmoja utoe hewa kwenye jaketi, mwingine uvute nyuma kola ya kiungio cha mpira na jaketi, na kuuchomoa mpira. Jaketi utalijaza kwa mdomo. Mbizi nayo imeishia hapo, panda taratibu na mwenzako. Vazi kavu, lile lisiloingiza maji, nalo lina mpira wake, na dawa ni hiyo hiyo: toa hewa, chomoa mpira.

Glavu ndiyo mtihani wenyewe, vidole huwa kama vya mtu mwingine. Tafuta kiungio chenye kola pana, ujizoeze kwanza bwawani. Kausha kiungio kabla ya kuunganisha, kisha uvute mpira kuhakiki umeshika. Majini, bonyeza kidogo kidogo.