Mawingu Yakitanda Siku ya Sarakasi: Hatua Saba kwa Mtazamaji

Usukumani, ngoma kubwa za ushindani husubiri Juni hadi Agosti, mavuno yakishaingia ghalani na anga limekauka. Wacheza sarakasi hawasubiri. Siku ya mnada wakiona watu wamejaa, hutandika mkeka na kuanza, hata kama ni msimu wa mvua. Uwe Kimali, Mwanhuzi au Bariadi mjini, fuata hatua hizi.

1. Sikiliza utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza kila siku redioni. Ukisikia mvua za ngurumo Kanda ya Ziwa, wahi onyesho la asubuhi. Radi hupenda alasiri.

2. Fikiria njia ya kurudi. Kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, utapita. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunasa gurudumu la bodaboda hadi lisizunguke. Korongo likijaa, usilivuke. Subiri maji yapungue.

3. Beba vya kufaa. Koti la mvua ni bora kuliko mwamvuli, ambao huwaziba walio nyuma na kupeperushwa na upepo. Vaa gambuti, watoto wachukulie kitenge kikavu, na simu itie kwenye kopo lenye mfuniko.

4. Chagua pa kukaa. Upepo uwe mgongoni, vumbi la uwanja lisikujie usoni. Kaa mbali na spika, nyaya za jenereta na nguzo za turubai. Kabla onyesho halijaanza, tafuta kwa macho jengo la karibu lenye kuta: darasa, kanisa au ofisi ya kata.

5. Tazama mkeka, kisha ushangilie. Vijana wa Tanzania walipelekwa China miaka ya 1960 kujifunza sarakasi, na mnara wa watu bado ndio kilele cha maonyesho mengi. Mwangalie aliye chini kabisa: miguu yake iko peku, vidole vimeng'ang'ania mkeka, na mabegani wamesimama wenzake. Mkeka ukilowa, kisigino kikiteleza kidogo tu, wote wanaanguka. Kundi makini hufuta mkeka, huacha mnara na kubaki na michezo ya chini. Usiwazomee. Hata kwenye ngoma za ushindani za Wasukuma, pande mbili za Bagika na Bagalu zinaposhindana, kundi lililovuta watu wengi ndilo mshindi. Msanii wa huku anajua nguvu ya umati, na kelele zako zinaweza kumpandisha pale ambapo asingepanda.

6. Radi ikimulika, hesabu. Kila sekunde tatu kati ya mwanga na ngurumo ni takriban kilomita moja. Zisipofika 30, ondoka. Ingia kwenye jengo lenye kuta au gari la bati lililofungwa vioo. Chini ya mti, turubai au kibanda kilicho wazi si salama. Rudi uwanjani dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

7. Tunza hata likikatishwa. Wamekuja, wamepasha misuli, wamelowa. Pitisha chochote kwenye kofia yao kabla hujaondoka.

Kundi linaloahirisha mnara kwa sababu ya mvua linajua kazi yake. Likirudi mnada ujao, nenda ukalitazame.