Choo Huoshwa na Nani?

Mdogo wangu wa Parklands, barua yako nimeisoma. Mwalimu wako wa aikido amekupa chumba nyuma ya ukumbi: ulale hapo, ufanye mazoezi alfajiri na jioni, na kazi za nyumba ndizo ziwe kodi yako. Unauliza kama hayo ni mafunzo au utumishi wa bure.

Mtindo huo ni wa zamani, hakuubuni yeye. Jigoro Kano alipoanzisha judo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji, Tokyo, aliishi na baadhi ya wanafunzi wake humo humo. Morihei Ueshiba, mwasisi wa aikido, alihamia Iwama mwaka 1942, na waliomfuata huko walilima pamoja naye.

Kwa hiyo usikimbie ufagio. Mkeka usiosafishwa huambukiza choa, na ukishakipata shingoni hutahitaji kuhimizwa kupiga deki. Kamua kitambaa mpaka kisitone, maana maji yakiingia kwenye maungio ya mikeka huota ukungu. Jaza mitungi mapema. Maji ya Nairobi unayajua, huja kwa zamu. Sare ianike siku hiyo hiyo. Ukitumwa sukuma na nyanya City Park Market, rudisha chenji na utaje bei kabla hujaulizwa. Pesa ya pamoja huwagombanisha watu upesi kuliko mateke.

Sasa swali langu: choo huoshwa na nani? Kabla hujahamisha godoro, shinda hapo siku mbili tatu uangalie. Ukimwona mwenye mkanda mweusi ameshika brashi, na mwalimu anaosha sahani yake mwenyewe, hapo pana nidhamu. Ukikuta wavulana wananyoosha viungo huku wasichana peke yao wakisonga ugali kila jioni, basi dada, hapo wanatafuta mpishi. Katiba yetu, kifungu cha 30, inakataza kazi ya kulazimishwa, na haikumsamehe mtu kwa sababu ya rangi ya mkanda.

Halafu wewe na mwalimu mwandikiane: saa za kazi, siku ya mapumziko, nani atalipa hospitali ukiteguka bega. Mama au shangazi yako ajue unapolala. Na chumba kiwe na komeo la ndani. Hilo halina mjadala. Mwalimu akikunja uso ukilitaja, endelea na mazoezi ya jioni tu, ulale kwenu.