JIMBO LETU NA MAHINDI YETU

Jimbo la Peramiho liko katika wilaya ya Songea. Sisi wa huku ni wakulima wa mahindi. Wengine wetu wanalima tumbaku.

Kutoka Songea mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Je, nani analipa lori? Hapo ndipo siasa inapoingia shambani.

Katika miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Mzigo wa usafiri ukawa wa Shirika la Usagishaji la Taifa. Basi watu wa Ruvuma walilima kweli kweli! Baadaye bei hiyo ilifutwa. Gharama ya safari ikamrudia mkulima.

Siku hizi kuna Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanza mwaka 2008. Unanunua mahindi, lakini si yote. Vituo vikichelewa kufunguliwa, mwenye mgonjwa nyumbani atangoja nini? Anamwuzia mlanguzi kwa bei ya kutupa.

Mbunge hapangi bei. Kazi yake ni kuhoji Bungeni, Dodoma: fedha za kununulia mahindi ni kiasi gani, na zitafika lini? Mgombea akija kuomba kura, tumwulize hayo mawili kabla ngoma haijaanza.