Kabla ya Kununua Ploti Kando ya Mto

Mji wa Kajiado una jina la mto: Olkejuado, yaani mto mrefu kwa Kimaasai. Sehemu kubwa ya mwaka utaona mchanga tu, na hapo ndipo mgeni hudanganyika. Mto wa Kitengela ni vivyo hivyo. Wewe unayetafuta ploti, zingatia haya.

FANYA

1. Kaitazame ploti mwezi wa Aprili. Dalali hukupeleka kiangazi kwa sababu kiangazi mto umenyamaza.

2. Muulize mzee aliyechunga ng'ombe hapo maji yalifika wapi wakati wa El Niño ya 1997, na wapi masika ya 2024. Mwache akuonyeshe kwa fimbo yake.

3. Pima kuanzia alama ya juu kabisa ya mafuriko. Kanuni za maji za Kenya hutenga kando ya mto mita 6 hadi 30. Hati miliki haizuii maji.

4. Ukichimba kisima, peleka maji yakapimwe floraidi. Maji mengi ya chini ya ardhi huku yanayo, huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi.

USIFANYE

1. Usivuke daraja lililofunikwa na maji, hata kama mwenye bodaboda anaapa kwamba amevuka mara tatu.

2. Usinunue mchanga bila kujua ulikotoka. Mchanga wa mtoni ndio ghala la maji ya kiangazi. Wafugaji huufukua wakanywesha mifugo. Lori likiondoka nao, limeondoka na maji ya ng'ombe wa mtu.

3. Usielekeze bomba la choo mtoni. Maji ya Kitengela huingia Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Njia nzima hiyo kuna watu wenye ndoo.

4. Usizungushe seng'enge mpaka majini, ukawazibia wanyama njia. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, iliachwa wazi upande wa kusini, Mto Mbagathi unakopita, ili nyumbu na pundamilia wafike nyanda za Kitengela.

5. Usikubali kuharakishwa. Ukiambiwa bei imeshuka kwa kuwa mwenye ploti ana shida ya pesa, na leo ni Agosti, rudi nyumbani. Ngoja Aprili.