Ukiitwa Kitanda cha Pili, Lipi Huwezi Kuliacha?

Mkufunzi wa uuguzi aliyekaa miaka mingi wodi ya wazazi kabla ya kuingia darasani anajibu maswali kuhusu kupanga vipaumbele katika mpango wa huduma ya uuguzi. Waliouliza ni wanafunzi, wauguzi wa zamu, na ndugu mmoja wa mgonjwa.

Shikamoo mwalimu. Kwenye mtihani tulipewa mama wa miaka 31 aliyejifungua kwa operesheni alfajiri kwa sababu ya presha kali ya mimba. Anachomwa magnesiamu salfeti. Kidonda kinamuuma sana, analia kwa kuwa mtoto yuko wodi ya watoto wachanga, na hajanyonyesha. Presha ni 150/100, anapumua mara 15 kwa dakika, mfuko wa mkojo una mililita 80 tangu saa nne zilizopita. Niliweka maumivu namba moja, wasiwasi namba mbili, kunyonyesha namba tatu. Nikapata 4 kati ya 20. Si mgonjwa ndiye anayejua kinachomsumbua?

Marahaba. Kinachomuuma anakijua kuliko mimi na wewe. Kinachomnyemelea hakijui, kwa sababu hakiumi, na hapo ndipo alama zako zilipopotelea. Tarakimu umezinakili vizuri, kisha ukazipita kama unavyopita tangazo ukutani.

Mililita 80 kwa saa 4 ni 20 kwa saa. Magnesiamu hutoka mwilini kwa njia ya figo. Mkojo ukipungua, dawa inabaki kwenye damu, na dozi inayofuata inapanda juu ya iliyotangulia. Ikizidi, kwanza goti huacha kuitika ukiligonga, halafu pumzi hupungua, halafu hukata. Ndiyo sababu, kabla ya kuchoma gramu 5 za kila baada ya saa 4, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mambo matatu yawepo: pumzi zisizopungua 16 kwa dakika, goti linaloitika, na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Mama huyu ameshindwa mawili. La tatu hatulijui, na kwenye karatasi yako hukuandika hata kwamba utakwenda kugonga goti.

Kwa hiyo namba moja ni hatari ya kushindwa kupumua kutokana na dawa kuzidi. Chini yake andika kazi zinazoonekana. Dozi inayofuata isichomwe, na daktari aitwe sasa. Pumzi zihesabiwe dakika nzima kila nusu saa, wala si kwa kukisia ukiwa umesimama mlangoni. Mkojo upimwe kila saa, lakini kwanza funua shuka uangalie mpira wa mkojo usiwe umekunjika chini ya paja. Wakati mwingine figo hazina kosa lolote. Kalsiamu glukoneti gramu 1 na mfuko wa kupumulishia viwe kando ya kitanda, visiwe kwenye kabati ambalo ufunguo wake umeondoka na sista wa zamu iliyopita.

Namba mbili ni hatari ya kuumia wakati wa degedege la kifafa cha mimba, maana ukisimamisha dozi, kinga nayo inalegea. Namba tatu ni kutokwa damu, kwa kuwa tumbo limefunguliwa leo: pedi, ugumu wa mfuko wa uzazi, mapigo ya moyo. Maumivu yanafuata hapo.

Kwa maana hiyo nimwache alie na kidonda mpaka nimalize matatu ya juu?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalolisahihisha kila mwaka. Kipaumbele si foleni ya benki, kwamba wa nne asubiri watatu wahudumiwe. Nikikagua mpango wa mwanafunzi humuuliza hivi: ukiitwa sasa hivi kitanda cha pili, ni lipi kati ya haya huwezi kuliacha hata kwa dakika tano bila kuweka mtu? Hilo ndilo namba moja. Mengine unaweza kuyafanya ndani ya robo saa ileile.

Tena maumivu yenyewe yamefungwa na lile la kwanza. Mofini na pethidini nazo hupunguza pumzi. Diklofenaki, ambayo mikono yetu imeizoea, haifai kwa figo zinazosuasua. Mwanafunzi aliyeanza na maumivu angekimbilia mojawapo ya hizo. Aliyeanza na pumzi na mkojo atamuuliza daktari kuhusu parasetamoli, atampandisha mgongo kidogo, na atamfundisha kushika mto tumboni anapokohoa. Wala maumivu hayo si ya kudharauliwa, kwani mwenye kidonda cha tumbo kinachouma havuti pumzi ndefu, hakohoi, na baada ya siku mbili unaweza kumkuta na nimonia.

Na hicho kilio? Mtume mtu wodi ya watoto wachanga arudi na habari: mtoto ana uzito gani, anapumuaje, amelala upande gani. Hilo halimwondoi muuguzi kitandani.

Mama yetu amelazwa kwa kiharusi tangu jana. Analia njaa, nesi amekataza asipewe hata maji, eti ni hatari. Njaa tunaiona kwa macho, hiyo hatari hatuioni. Huo si ukatili?

Poleni sana. Si ukatili, ingawa kama hamkuelezwa sababu, hapo mmekosewa. Kiharusi huweza kulegeza misuli ya koo. Maji anayoyameza yakiingia njia ya hewa atapaliwa, na wengine hupaliwa kimya bila hata kukohoa. Kinachofuata ni maambukizi ya mapafu. Kwa hiyo kabla ya tonge au funda lolote, ajaribiwe kumeza akiwa ameketishwa wima, na anayejua kupima. Akishindwa, atalishwa kwa mpira wa puani.

Wanafunzi, msome jibu hili mara mbili. Mmekariri kwamba tatizo lililopo hutangulia lile linaloweza kutokea. Njaa ya mama huyu ipo, kupaliwa bado, lakini kupaliwa ndiko kunakokaa juu. Kanuni hiyo husaidia matatizo mawili yanapolingana uzito, basi.

Nanyi ndugu, msisimame mbali. Mwulizeni nesi mama atapimwa lini kumeza na mdai jibu lenye saa. Muombe mfundishwe kumsafisha kinywa na kusaidia kumgeuza kila baada ya saa mbili.

Mwalimu mmoja anataka Maslow, mwingine anataka njia ya hewa, kupumua na mzunguko wa damu. Tushike lipi?

Abraham Maslow alikuwa mwanasaikolojia Mmarekani. Makala yake ya mwaka 1943 ilieleza kinachomsukuma binadamu kutenda. Haikuandikwa kwa ajili ya wodi, na ile piramidi mnayoichora kwa rula haimo ndani yake. Inasaidia kukumbusha kwamba mtu hatulizwi nafsi huku akikosa hewa. Lakini ndani ya ngazi ya chini kabisa kuna hewa, maji, chakula, usingizi, na Maslow hakwambii kipi kitangulie usiku wa manane. Hapo ndipo njia ya hewa, kupumua na mzunguko wa damu vinapokuja. Mimi huanza na hivyo, kisha napitia mahitaji 14 ya binadamu aliyoyaorodhesha muuguzi Virginia Henderson nisije nikasahau kitu. La kwanza katika orodha yake ni kupumua.

Je, naweza kuandika “kifafa cha mimba” kama tatizo la kiuuguzi?

Huo ni utambuzi wa daktari. Wewe andika unachoweza kukishughulikia kwa mamlaka yako: hatari ya kuumia wakati wa degedege. Tayari umejua cha kufanya: kingo za kitanda zipandishwe, alale kiubavu, mashine ya kufyonza iwe karibu.

Nakesha peke yangu na vitanda zaidi ya thelathini. Mpango wa huduma kwa kila mgonjwa si ndoto ya darasani?

Ule wa kurasa tatu, ndiyo, ni ndoto, na nadhani sisi wakufunzi tunawajibika kwa sehemu ya lawama. Tumewafundisha kujaza jedwali mpaka matatizo yafike kumi, na yakifika kumi hakuna la kwanza. Kwa usiku kama wako, wakati wa kukabidhiana zamu tembea kitanda kwa kitanda na yule anayeondoka, tena ukiwa na chati mkononi. Chagua wale ambao jibu la swali langu la kitanda cha pili linakushtua. Huenda wakawa wanne. Hao waandikie tatizo moja au mawili, lengo lenye tarakimu, na saa ya kurudi. “Mgonjwa atapumua vizuri” si lengo. “Pumzi 16 au zaidi kwa dakika kila nusu saa hadi saa sita usiku” ni lengo, kwa sababu mtu mwingine akija anaweza kuona kama umelifikia au hukulifikia. Ikiwezekana wahamishie karibu na meza yako. Kitanda nacho ni sehemu ya mpango.

Mpango ukishaandikwa, mpangilio unabadilishwa lini? Kwenye mafaili mengi naona mpango wa siku ya kwanza ukibaki mpaka mgonjwa anaruhusiwa.

Nimeyaona hayo mafaili. Mgonjwa anatembea koridoni, faili bado linasema hawezi kugeuka.

Turudi kwa mama wa mtihani, tuseme sasa ni saa mbili usiku. Mpira ulikuwa umekunjika kweli. Uliponyooshwa, mkojo ukatiririka, na kwa saa 4 zilizofuata akapata wastani wa mililita 45 kwa saa. Pumzi ni 18, goti linaitika, daktari ameruhusu dozi irudi. Pedi iko sawa. Presha bado ni 150/100. Sasa ameuliza mwenyewe atakamua vipi maziwa na yapelekwe vipi kwa mtoto. Hatari ya kuumia wakati wa degedege imepanda namba moja, maumivu namba mbili, maziwa namba tatu. Hatari ya dawa kuzidi haikufutwa, maana bado anachomwa. Imeandikwa namba nne, na pembeni yake saa ya kugonga goti tena.