Basi la Vitanda la Usiku Nchini India: Mambo ya Kuhakikisha Kabla ya Kulipa na Kabla ya Kulala

Wananchi wengi wa Afrika Mashariki huenda India kwa matibabu, masomo na biashara. Wakishafika, baadhi yao hulazimika kusafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine, na basi la usiku lenye vitanda huwavutia kwa sababu nauli yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya ndege, na abiria huokoa gharama ya kulala hotelini. Kutoka Hyderabad hadi Bengaluru, kwa mfano, ni takriban kilomita 570, mwendo wa usiku mmoja. Katika somo hili tunaeleza kile hasa anachonunua abiria anapolipia kitanda, na mambo anayopaswa kuyajua kabla ya kufumba macho.

Kitanda

Vitanda hupangwa kwa ngazi mbili, ya chini na ya juu. Aghalabu upande mmoja wa basi huwa na vitanda vya mtu mmoja mmoja, na upande wa pili vya watu wawili wanaolala ubavu kwa ubavu. Anayesafiri peke yake akichukua nafasi moja katika kitanda cha wawili, huenda akalala kando ya mtu asiyemjua. Aangalie mchoro wa vitanda kabla ya kulipa.

Kitanda cha juu hupandwa kwa vidato vyembamba. Mzee, mjamzito au mtu aliyefanyiwa upasuaji karibuni achague cha chini, na mgonjwa amwulize kwanza daktari wake kama safari hiyo inamfaa. Mabasi mengi hayana choo. Ni vyema kuuliza basi litasimama wapi njiani.

Tarehe, saa na kituo

Tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa, na siku mpya huanza saa sita usiku. Tiketi yenye tarehe 15, saa 00:30, ni ya saa sita na nusu katika usiku wa kuamkia tarehe 15. Mwenye tiketi hiyo aende kituoni jioni ya tarehe 14; akienda jioni ya tarehe 15, basi litakuwa limekwisha kuondoka, na nauli yake huenda isirudishwe.

Mabasi ya kampuni binafsi huchukua abiria katika vituo kadhaa vya mji mmoja, na hushusha vivyo hivyo. Abiria ahakikishe jina la kituo cha kupandia na cha kushukia. Huenda akashushwa kando ya barabara kuu kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo apange mapema nani atampokea.

Malipo

Kadi za benki za kigeni hukataliwa mara nyingine katika malipo ya mtandaoni. Anayenunua kwa wakala adai risiti yenye jina la kampuni, aina ya basi, namba ya kitanda, vituo na kiasi alicholipa. Asome pia masharti ya kuahirisha safari kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa marejesho hupungua kadiri saa ya kuondoka inavyokaribia.

Kabla ya kulala

Tarehe 1 Julai 2023, basi la usiku la vitanda lililotoka Nagpur kwenda Pune lilipinduka na kuwaka moto wilayani Buldhana. Watu 25 walikufa. Basi lilikuwa limelalia upande wenye mlango, na baadhi ya walionusurika walitoka kwa kuvunja dirisha.

Tunawasihi wasafiri wote wafanye mambo manne mara wanapopanda:

1. Watafute mlango wa dharura na dirisha la karibu, na nyundo ya kuvunjia kioo.
2. Wahesabu vitanda vilivyo kati yao na mlango huo, kwani penye giza na moshi macho hayasaidii.
3. Wavae pasi ya kusafiria, fedha na dawa mwilini. Visiachwe ndani ya begi kwenye buti.
4. Wampelekee ndugu picha ya tiketi na namba ya usajili wa basi.

Mlango wa dharura ukiwa umezibwa kwa mizigo, abiria ana haki ya kudai uondolewe kabla basi halijaondoka. Asione haya kwa kuwa ni mgeni.

Likitokea tatizo

Kwa dharura nchini India, piga 112. Ukipewa basi au kitanda tofauti na ulicholipia, piga picha, hifadhi tiketi na risiti, kisha ilalamikie kampuni kwa maandishi. Usiporidhika, piga 1915, namba ya taifa ya malalamiko ya walaji nchini humo. Malalamiko yasiyo na ushahidi ni vigumu kuyashughulikia, hasa mlalamikaji akiwa amekwisha kurudi nyumbani.

Maswali ya kujipima

1. Tiketi ya tarehe 3, saa 00:10, inakutaka uwe kituoni jioni ya tarehe ngapi?
2. Ni mambo gani yanapaswa kuonekana katika risiti ya wakala?
3. Kwa nini haitoshi kujua mlango ulioingilia peke yake?