Kuhamisha Hesabu za Biashara: Linganisha Kabla ya Kuiamini Ripoti

Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la wafanyabiashara wengi ni lahajedwali, ambalo hesabu zake huhamishiwa katika programu ya kutayarisha ripoti. Programu hiyo hujumlisha na kuchora chati kwa haraka, lakini haiwezi kujua kama ilichopokea ni sahihi. Ripoti yenye kosa ikifika benki au ofisi ya kodi, atakayeulizwa ni mwenye biashara. Kwa hiyo tunakushauri ufuate hatua hizi nne.

Kwanza, hifadhi lahajedwali la awali bila kuligusa, ufanye kazi katika nakala. Humo uache mstari mmoja wa vichwa, na kila muamala uwe na mstari wake. Ondoa mistari ya jumla. Tuseme mauzo ya mwezi ni shilingi 4,500,000: mstari wa jumla ukisomwa kama mauzo, ripoti itaonyesha shilingi 9,000,000.

Pili, kagua tarehe. Kwetu 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili. Programu iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani huisoma kuwa tarehe 4 Machi, na mauzo huhamia mwezi usio wake. Mpangilio wa 2025-04-03 huondoa utata huo.

Tatu, tenganisha kiasi na utambulisho. Namba za simu, akaunti na stakabadhi zihifadhiwe kama maandishi, kwani zikichukuliwa kuwa kiasi, sifuri ya mwanzo hupotea. Excel nayo haitunzi zaidi ya tarakimu 15 za namba. Kinyume chake, neno "shilingi" lisiandikwe ndani ya kisanduku cha fedha, maana kiasi hicho huenda kisijumlishwe.

Nne, linganisha idadi ya mistari na jumla ya fedha, kabla na baada ya kuhamisha. Mwaka 2020 nchini Uingereza, watu 15,841 waliothibitika kuwa na virusi vya korona waliachwa nje ya takwimu za kila siku, kwa sababu data zao ziliingizwa katika faili za Excel za muundo wa zamani, ambazo hazipokei zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa.

Iwapo jumla mbili hazilingani, hata kwa shilingi moja, usiwasilishe ripoti hiyo. Rudi kwenye lahajedwali, utafute tofauti ilipoanzia, urekebishe, kisha uhamishe upya.